Si Dawa, Si Sumu: Jinsi Tulivyohifadhi Miwa kwa Ajili ya Ng'ombe

Nyumbani kwetu ni Busoga, mashariki mwa Uganda, katika vijiji ambavyo mtu akisimama barabarani huona miwa kulia na miwa kushoto. Nasoma Kiswahili chuoni nikitarajia kuwa mwalimu wa sekondari. Wenzangu hushangaa nikiwaambia kwamba kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufasiri haikuwa shairi wala hotuba, bali maelekezo ya kuchanganya urea na miwa iliyokatwakatwa. Katika insha hii nitaeleza kwa nini miwa inahitaji kuongezewa kitu ili iwe chakula kizuri cha mifugo, tulivyofanya sisi, na jinsi neno moja tu lilivyokaribia kuharibu kazi yote.

Mama yangu ana ekari mbili za miwa na ng'ombe watatu. Anasimulia kwamba alipoolewa, ng'ombe walichungwa kwenye uwanda uliokuwa nyuma ya shule, na hakuna aliyenunua majani. Uwanda huo sasa ni miwa. Mashamba ya viazi vitamu na mihogo ya majirani wengi pia ni miwa. Kwa hiyo ng'ombe wetu hufungwa zizini, nasi huwaletea chakula. Mvua ikinyesha hakuna shida. Taabu huanza Desemba na kuendelea hadi Februari, wakati wa kiangazi. Majani ya tembo tuliyopanda kando ya mfereji hukomaa, yakawa magumu kama kuni, na maziwa hupungua siku baada ya siku.

Ajabu ni kwamba wakati huohuo miwa husimama kijani. Hapa kuna jambo ambalo wafugaji wengi hawajaambiwa. Majani mengi ya malisho yakikomaa hupoteza ubora wake, lakini muwa ukikomaa hujaza sukari. Ng'ombe hukonda wakati wa kiangazi, na katika kipindi hichohicho muwa huwa na utamu mwingi. Mtu atauliza: basi kwa nini msiwakatie ng'ombe miwa kila siku? Tumewahi kufanya hivyo. Ila kukata, kubeba na kuponda miwa kila alfajiri ni kazi inayomchosha mama mwenye jembe lake na watoto wa shule. Tena shamba la miwa halivunwi kidogo kidogo. Lori likija, shamba husafishwa lote. Na moto ukija, haumngoji mtu.

Kwetu moto ulikuja Januari, nilipokuwa likizo ya mwaka wa pili. Ulianzia shamba la jirani ukaingia kwenye kona ya shamba letu. Miwa iliyoungua haina subira. Ganda hupasuka, maji yake huanza kuchacha, na sukari hupungua kila siku, ndiyo maana wanunuzi huitaka ndani ya siku chache. Malori yalikuwa machache na foleni ilikuwa ndefu. Sehemu kubwa ilichukuliwa kwa bei ya kusikitisha, na nyingine, kama tani tatu hivi, ilibaki imelala chini. Mama alisema, "Kama watu hawaitaki, ng'ombe wataitaka." Alimpigia simu afisa mifugo wa kaunti ndogo yetu, naye akaja siku hiyohiyo kwa pikipiki.

Afisa alisema tutengeneze sileji. Kwa wasioijua, sileji ni malisho mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa shimoni au kwenye pipa hadi hewa ikatoka, kisha yakafunikwa kabisa ili yahifadhiwe kwa kuchachuka. Wengi wetu tumeona sileji ya mahindi. Lakini afisa alituonya kwamba miwa si mahindi, na kwamba tukiifukia hivihivi tutafukia pombe.

Namna nzuri ya kulielewa jambo hili niliipata jikoni, si kwenye kitabu. Katika nyumba zetu kuna njia mbili za kuchachua kitu. Ya kwanza ni ya mtindi. Bakteria wadogo hula sukari ya maziwa na kutengeneza asidi, na asidi hiyo huzuia uozo. Ya pili ni ya pombe. Chachu, yaani hamira ya mwituni inayokaa juu ya matunda na maganda, hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa inayofanya povu. Sileji ya mahindi hufuata zaidi njia ya mtindi. Miwa ina sukari nyingi iliyo tayari kuliwa, na maganda yake yamejaa chachu. Kwa hiyo hufuata pia njia ya pombe, tena kwa kasi. Hapa kwetu hakuna asiyejua maji ya miwa yakikaa siku tatu yanakuwa nini.

Huenda msomaji akasema: ng'ombe akila pombe kidogo kuna ubaya gani? Ubaya upo katika hesabu. Sukari ikifuata njia ya mtindi, karibu uzito wake wote hubaki ndani ya sileji kama asidi. Ikifuata njia ya pombe, karibu nusu ya uzito wake hupaa kama hewa ya kaboni dayoksaidi. Katika kila kilo moja ya sukari, gramu kama 490 hutoweka, na kinachobaki ni kileo, ambacho nacho hupaa kwa wingi shimo likifunguliwa. Watafiti wamepima sileji za miwa zisizoongezewa kitu wakakuta hasara inayofika robo ya chakula chote, ukitoa maji, na wakati mwingine zaidi. Kinachosalia ni nyuzinyuzi. Mfugaji hufungua shimo akidhani ana akiba, kumbe sehemu nono imekwisha kuondoka.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Nilidhani dawa ya uozo ni asidi. Nilikuwa nimesoma habari za Artturi Virtanen, mwanasayansi wa Finland aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1945, hasa kwa sababu ya njia yake ya kuhifadhi malisho. Yeye alitia asidi kwenye majani mabichi ili yasioze katika majira marefu ya baridi. Njia hiyo iliwafaa watu wa Finland na majani yao. Lakini miwa haikosi asidi, kwani ikifungiwa huwa kali yenyewe kwa siku chache tu. Tatizo ni kwamba chachu haiogopi asidi. Ule ukali unaofukuza wadudu wa uozo katika sileji nyingine, chachu huuvumilia na kuendelea kutengeneza pombe. Hivyo miwa haihitaji kuongezewa ukali. Inahitaji kitu kinachoibana chachu yenyewe.

Vitu hivyo ni vichache na vinajulikana. Cha kwanza ni urea, ile mbolea nyeupe ya chembechembe. Ikiwa ndani ya shimo, urea huvunjika ikatoa amonia, na amonia hupunguza nguvu ya chachu na ukungu. Faida yake ya pili ni kubwa pengine kuliko ya kwanza. Miwa ina sukari lakini ina protini ndogo sana, kama asilimia 3 tu ya uzito wake mkavu, na ng'ombe hawezi kuishi vizuri kwa hiyo. Wadudu wadogo wanaoishi katika tumbo la kwanza la ng'ombe wana uwezo wa kutumia naitrojeni ya urea kutengeneza protini yao, kisha ng'ombe akafaidika nayo. Kilo 10 za urea katika tani moja ya miwa mibichi, yaani asilimia 1, huweza kuifikisha protini ghafi kwenye asilimia 10 hadi 12.

Cha pili ni chokaa. Nayo huibana chachu, na zaidi ya hapo hulegeza nyuzinyuzi ngumu za miwa ili tumbo la ng'ombe liziweze. Kiasi chake huwa nusu kilo hadi kilo moja kwa kila kilo 100 za miwa. Chokaa haiongezi protini, na huleta kalisi nyingi, kwa hiyo mfugaji hana budi kuangalia fosforasi katika chumvi ya madini anayowapa ng'ombe. Kuna pia benzoeti ya sodiamu, inayotumiwa viwandani kuhifadhi soda na maji ya matunda, na kuna soda kali, ambayo ni hatari kwa macho na ngozi na haifai kuchezewa kijijini. Brazil, nchi inayolima miwa mingi kuliko zote duniani, ndiko mambo haya yamechunguzwa kwa undani, kwa sababu wafugaji wa huko nao wana kiangazi na miwa. Wao huchanganya sehemu tisa za urea na sehemu moja ya salfeti ya amonia, kwa kuwa wale wadudu wa tumboni wanahitaji salfa ili kuitumia naitrojeni. Sisi hatukuipata salfeti hiyo, afisa akatuagiza tununue chumvi ya madini yenye salfa.

Mpaka hapo ni sayansi, na sayansi ilikuwa sehemu rahisi. Ugumu ulianza siku ya kazi.

Watu waliokuja kutusaidia walikuwa wakata miwa sita. Wawili walitoka West Nile, mmoja Karamoja, mmoja ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, na wawili sikuwahi kuwauliza. Kilusoga hawakukijua sawasawa, wala mama hakujua lugha zao. Watu wanaokutana mashambani kutoka pande nyingi namna hii huelewana kwa Kiswahili, hata kama ni cha kuokoteza. Kwa hiyo afisa alinieleza kwa Kiingereza na Kiganda, nami nikawaeleza kwa Kiswahili. Walinitania kwa kuniita "mwalimu."

Afisa alitaka kusema nao mwenyewe kidogo. Alinyanyua mfuko wa urea akasema, "Hii ni dawa. Dawa ya kuzuia pombe." Hakusema jambo la ajabu. Katika maduka ya pembejeo kwetu watu husema *eddagala* kwa Kiganda, neno ambalo ni la hospitali, la kupulizia mahindi na la kuua kupe pia. Kiswahili kina tabia hiyohiyo. Tuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu, na dawa za kulevya.

Lakini neno lina mkia wake. Kiongozi wa wakata miwa, mzee mwenye mvi ambaye wote walimsikiliza, aliuliza kiasi. Nikamwambia: nusu kilo kwa gunia la kilo 50. Akatazama gunia, akatazama kile kiasi kidogo kwenye kopo, akatikisa kichwa.

"Kama ni dawa, mbona mnawanyima ng'ombe?" alisema. "Dawa ya kupe ukipunguza, kupe hafi. Mama amenunua mfuko mzima. Tuumalize, kazi iwe moja."

Wenzake waliitikia. Wala hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Mtu aliyewahi kuosha ng'ombe kwa dawa ya kupe anajua kwamba kipimo hafifu ni hasara. Katika akili ya mtumiaji, dawa ni kitu ambacho kikipungua hakifanyi kazi.

Upande wa pili alikuwa mama. Yeye hakutaka hata kuugusa mfuko. Mwaka uliotangulia mbuzi wa jirani alikunywa maji ya beseni ambalo mtu alikuwa ameloweka urea kwa ajili ya bustani. Alianza kutokwa na mate, akatetemeka, tumbo likajaa, akafa kabla ya jua kutua. Kijiji kizima kilijua. "Mimi siwalishi ng'ombe wangu sumu," mama aliniambia kwa Kilusoga, taratibu, ili wageni wasisikie. Naye alikuwa na haki. Urea nyingi ikiingia tumboni kwa mara moja hutoa amonia kwa kasi kuliko wadudu wa tumboni wanavyoweza kuitumia, ikaingia kwenye damu, na mnyama anaweza kufa kwa saa chache.

Nikajikuta kati ya maneno mawili, dawa na sumu. La kwanza lilisema: tia nyingi. La pili lilisema: usitie kabisa. Ukweli haukuwa katika lolote kati ya hayo, na mfuko ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Nilimgeukia yule mzee nikamuuliza, "Mzee, ukiwapikia watu sita maharage, unatia chumvi kiasi gani?"

"Kijiko," alisema.

"Na ukimaliza pakiti?"

"Nani atakula?"

"Basi hii ni chumvi ya miwa. Bila chumvi, chakula hakifai. Ukizidisha, humwiti mtu mezani. Gunia moja, nusu kilo, isizidi."

Mzee alicheka. "Sasa umesema, mwalimu. Ungeanza hapo." Akawageukia wenzake akawaeleza tena kwa maneno yake, na tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mkali wa kipimo kuliko afisa. Mama nilimwambia maneno yaleyale kwa Kilusoga. Hakucheka, lakini alisogea akaanza kutazama.

Hata hivyo mfano wa chumvi una upungufu wake, na ilinibidi niuseme. Chumvi ikizidi, ulimi hukuambia. Urea ikizidi, macho hayaioni na ng'ombe hawezi kusema. Tena kuna hatari ya donge. Ukitafuna maharage yasiyokorogwa ukakutana na bonge la chumvi, utatema. Ng'ombe akikutana na bonge la urea, atalimeza. Kwa hiyo tuliweka masharti matatu ambayo kila mtu aliyarudia kwa mdomo: pima, yeyusha, changanya.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Tulikodi mashine ya kukatia majani, tukakata miwa vipande vidogo visivyozidi upana wa kidole. Tulipima kila gunia kwa mizani ya kuning'iniza, ile ya wanunuzi wa mahindi. Magunia yalikuwa 60, sawa na tani 3, na urea iliyotumika ilikuwa kilo 30. Mfuko wa kilo 50 ulibaki na kilo 20, na mabaki hayo mama aliyafungia kabatini. Kila nusu kilo tuliiyeyusha katika lita moja ya maji. Ukiyeyusha urea, maji hupoa ghafla kama yametoka mtungini, na vijana waligombea kutia mikono mpaka nilipowakataza. Tulinyunyiza kwa kopo lenye matundu, tukageuzageuza kwa uma wa shamba, tukamwaga shimoni, tukashindilia kwa miguu tabaka kwa tabaka. Shimo lilikuwa na upana wa mita 2, urefu wa mita 2 na kina cha mita 1 na nusu, na lilitandikwa nailoni nzito. Jioni tulifunika kwa nailoni, juu yake udongo, tukachimba mfereji pembeni ili maji ya mvua yasiingie.

Afisa alituomba tujaze pia mapipa mawili madogo ya plastiki, moja la miwa mitupu na moja la miwa na chokaa. Chokaa ilishikwa na mtu mmoja tu, akiwa amevaa glavu na kitambaa puani, kwa sababu chokaa ambayo haijazimwa huchemka ikiloweshwa na huunguza ngozi.

Tulifungua baada ya siku 45, katikati ya Machi, mvua zikiwa hazijashika. Nilikuwa nimeomba ruhusa ya siku mbili chuoni ili nione. Pipa la miwa mitupu lilitoa harufu ya kilabu cha pombe. Juu kulikuwa na ukungu mweupe, chini maji yalikuwa yamejaa, na kiwango kilikuwa kimeshuka sana. Pipa la chokaa lilikuwa la rangi ya kahawia, laini, na harufu ya pombe ilikuwa hafifu. Shimo la urea lilipofunuliwa lilitufanya tutokwe na machozi, kwa sababu ya amonia. Tabaka la juu lililopata hewa tulilitupa. Afisa alisema chakula cha kila siku kitolewe na kitandazwe kivulini kwa muda ili amonia ipungue, ndipo wapewe ng'ombe.

Hatukuwapa kwa pupa. Wiki ya kwanza kila ng'ombe alipata kilo 5 kwa siku, ya pili kilo 10, ya tatu kilo 15. Wale wadudu wa tumboni wanahitaji muda kuzoea. Piga hesabu mwenyewe: katika kilo 15 za sileji mna gramu kama 150 za urea, kiasi cha konzi moja au mbili. Zikisambaa katika chakula cha siku nzima, ni lishe. Zikimezwa kwa mara moja na ng'ombe mwenye njaa, ni maombolezo. Ndama anayenyonya hakupewa kabisa, kwa sababu tumbo lake bado halijawa na uwezo huo, na nguruwe wa jirani hawakuruhusiwa kukaribia. Mama aliweka chupa kubwa za siki kwenye rafu karibu na zizi, kwa kuwa siki ikichanganywa na maji baridi ni msaada wa haraka anayesubiri daktari wa mifugo. Namshukuru Mungu, hazijafunguliwa.

Matokeo yalikuwaje? Sitaki kuongeza chumvi, maana tumekwisha kukubaliana juu ya chumvi. Maziwa hayakuongezeka. Yaliacha kupungua. Ng'ombe waliofika mwisho wa kiangazi mwaka uliotangulia wakiwa mbavu tupu, mwaka huu walifika wakiwa na nyama mgongoni. Sileji ya miwa pekee haiwezi kumpa ng'ombe wa maziwa kila anachohitaji, kwa hiyo tuliongeza majani ya viazi vitamu na mashudu ya pamba kidogo wakati wa kukamua. Aliyekuwa akinunua majani kwa bei ya kiangazi atajua thamani ya kile ambacho hatukukinunua.

Wala simshauri mtu aongeze miwa. Busoga imekwisha kutoa ardhi nyingi mno kwa zao hili, na kuna nyumba ambazo miwa imefika mlangoni lakini ndani hakuna mihogo. Ninachosema ni kwamba miwa ambayo tayari ipo, iliyoungua au iliyokosa lori, isiachwe ioze wakati ng'ombe wanakonda hatua 20 kutoka hapo.

Niliporudi chuoni nililipeleka jambo hili kwenye kipindi cha istilahi. Tulijadili maneno matano: dawa, kemikali, kihifadhi, kirutubisho na kiungo. Wengine walitetea "kihifadhi" kwa sababu ndilo la kitaalamu. Nilikubali kwamba ni sahihi kwa chokaa, lakini urea haihifadhi tu, inalisha pia. "Kirutubisho" kinaeleza kulisha na kusahau hatari. "Kemikali" ni kweli, ila kijijini humtisha mtu bila kumfundisha kitu, kwani chumvi na maji pia ni kemikali. Mimi nilitetea "kiungo." Mhadhiri wetu alinikumbusha kwamba kiungo ni pia sehemu ya mwili. Nikajibu kwamba hakuna mpishi aliyewahi kuchanganya goti na bizari. Darasa lilicheka, lakini hatukufikia uamuzi, na huenda hapakuwa na haja ya kuufikia. Jambo nililolipata ni kwamba istilahi inapaswa kupimwa pia mahali ambapo mtu ameshika kopo mkononi.

Wanafunzi wenzangu, hapa Uganda tunaambiwa kila mara kwamba Kiswahili ni lugha ya umoja. Kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima mashuleni. Hayo ni mema. Lakini bado wapo wanaouliza chuoni tutakitumia wapi baada ya mtihani. Jibu langu ni kwamba tayari kinatumika, na watu ambao hawajawahi kukaa darasani na sisi. Wanakitumia kubeba mizigo, kupima mbolea, kuulizana kipimo. Wao wana kazi na mikono. Sisi tuna kamusi na muda. Maelekezo ya mfuko wa urea yameandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja kati ya wale sita aliyeweza kuisoma, na kazi ya kuyafikisha kwao kwa usahihi si ndogo kuliko kufasiri tenzi.

Mwaka huu mama ameamua kuchimba shimo la pili na kujaribu chokaa kwa kiasi kikubwa zaidi. Kopo lake la kupimia ana tundu alilotoboa kwa msumari kwenye mstari wa nusu kilo, ili hata asiyejua kusoma asiweze kuzidisha: ukijaza kupita hapo, urea inamwagika. Nimemwandikia karatasi ya Kiswahili ya kubandika juu ya mlango wa ghala. Ina mistari mitatu tu: pima, yeyusha, changanya.